Dawa ya Mifupa

Mwalimu hakuwa na kifutio. Ubao wake ulikuwa wa mbao, mweusi, ameununua kwenye duka la mitumba kule Penrith, na ulikaa katika chumba cha nyuma cha kanisa letu pale Seven Hills, hapa Australia, alikofundisha watoto wetu Kiswahili kila Jumamosi asubuhi. Chaki alikuwa nazo, hata za rangi. Kifutio hakukitaka. Mtoto akikosea neno, Mwalimu aliliacha kosa pale pale, akampa mtoto chaki na kumwambia kwa Kiswahili chake cha Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, "Usifute. Andika ya kweli pembeni, tuone kwenye ulitoka." Hadi saa sita ubao ulikuwa umejaa makosa na masahihisho yaliyokaa bega kwa bega, na watoto wakishaondoka ndipo alipoupangusa mwenyewe kwa kitambaa chenye maji.

Nayasema haya mapema kwa sababu kosa nitakalolieleza ni langu, si lake, na kwa sheria ya Mwalimu halina ruhusa ya kufutwa.

Kila mtu alimwita Mwalimu, hata daktari mzungu, ambaye nadhani mpaka leo anaamini ndilo jina lake la kwanza. Alikuwa mwanamke mrefu kuliko wanaume wengi wa kanisani, na alikaa kwenye kiti cha plastiki bila kuegemea. Neno alilolisema kuliko yote siku ya Jumamosi lilikuwa moja: "Mugongo." Hakupaza sauti. Watoto waliokuwa wamejikunja juu ya madaftari walinyooka wote kwa pamoja. Binti yangu anasikia Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza chote, lakini siku moja alinikuta nimejipinda sofani baada ya shifti, akasimama mbele yangu na kusema, "Mum. Mugongo." Nilicheka mpaka machozi. Lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili alilowahi kunipa bila kulazimishwa.

Upande wa ndani wa mlango wa stoo ya kanisa kulikuwa na mistari ya penseli. Kila mwanzo wa muhula Mwalimu aliwapanga watoto pale, akawawekea kitabu kichwani na kupiga mstari na jina. Juu ya mistari yote kulikuwa na mmoja aliojipigia mwenyewe mwaka wa kwanza, ameandika kando yake MWALIMU kwa herufi kubwa. Aliwaahidi watoto kwamba atakayeupita mstari ule atapewa chaki aende akafundishe yeye. Walikuwa wakiuangalia vile watu wanavyoangalia embe lililo juu mno.

Aliandika Kiswahili bora na kuzungumza Kiswahili cha nyumbani, na hakuona ajabu yoyote katika hilo. Ubaoni usingemkuta ameteleza ngeli hata moja. Mdomoni mwake kila kitu kilikuwa "iko" na "njo vile," yaani ndivyo. Nilipomtania, alinijibu kwamba viatu vya kanisani havivaliwi shambani. Jikoni kwake Penrith, nyumba aliyokaa na binti yake na wajukuu wawili, kila mkebe ulikuwa na karatasi nyeupe yenye mwandiko wake uliosimama wima: SUKARI, CHUMVI, UNGA WA MUHOGO. Alitaka wajukuu wasome wakipita. "Kitu haina jina, watu wanaikanyaga," alisema. Hata swichi ya taa ilikuwa na jina.

Mwalimu huyu aliyeadhibu uongo kuliko uvivu alikuwa mwongo mkubwa mbele ya madaktari. Wakimuuliza maumivu ni mangapi kati ya moja hadi kumi, alisema mawili. Siku hiyo aliyosema mawili, binti yake ndiye aliyemchana nywele asubuhi kwa kuwa mikono haikupanda. Nilimgombeza tukiwa njiani kurudi kituoni. Akaniambia kwamba alikotoka, mtu hutaja maumivu pale tu ambapo yupo wa kuyafanyia kitu, na kwamba kumi yake yeye ilikwisha kutumika zamani. Sikumuuliza ilitumika wapi.

Jumamosi tukishafunga darasa, mara nyingi tulishika treni kwenda Cabramatta. Kwenye maduka ya Wavietnamu alipata samaki wadogo waliokaushwa ambao yeye aliwaita ndagala, na aliwanunua huku akiwalaumu kwamba si wa Ziwa Tanganyika. Walikuwa na chumvi ya kukausha ulimi. Wajukuu walikataa kula samaki anayewatazama, basi Mwalimu aliketi na bakuli mapajani akiwakata vichwa mmoja mmoja, akiwapasua na kuvuta ule uti mwembamba, mpaka ibaki nyama tupu. Mimi nilimsaidia. Vichwa na mifupa vilikwenda kwenye pipa la taka. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba miaka ile yote tulikuwa tukila chumvi na kutupa kalsiamu, huku tukipiga soga.

Tumbo lake halikukubali maziwa. Jua hakuliota, alivaa mikono mirefu na kitambaa, akakaa ndani, katika mji ambao jua lake linachubua rangi za magari. Hayo yote yalikuwepo kabla yangu, na siwezi kujitwika kila kitu. Ila sehemu yangu naijua mipaka yake.

Ilianza ubaoni. Watoto ndio waliotambua. Mwandiko wa Mwalimu ulianza kushuka, wiki hadi wiki, mpaka nusu ya juu ya ubao ikabaki nyeusi tupu. Mabega yalikuwa yamekaza, na nyonga, na asubuhi alihitaji saa nzima kutoka kitandani. "Mifupa inaniuma," aliniambia. Kwa Kiswahili chetu sote, wa Nairobi na wa Uvira, kinachouma ndani bila kidonda ni mifupa. Iwe ni misuli, iwe ni viungo, iwe ni huzuni, tunasema mifupa.

Aliniomba nimsindikize kwa daktari. Kulikuwa na mkalimani wa simu, wa bure, lakini Mwalimu alikuwa amekosana naye. Yule mkalimani, mwenye Kiswahili cha pwani kilichopigwa pasi, alikuwa amemsahihisha ngeli katikati ya maelezo ya choo. Miaka thelathini ya kufundisha, halafu usahihishwe ngeli na sauti isiyo na uso. "Wewe njo utasema kwa ajili yangu," aliniambia. "Wewe ni munganga mudogo."

Mganga mdogo. Mimi ni mhudumu wa wazee. Kazi yangu ni kuosha, kuvisha, kulisha na kugeuza miili isiyoweza kujigeuza, na majina ya dawa nayajua kwa kuyasikia wauguzi wakiyataja. Lakini jina lile lilinikaa vizuri. Kanisani watu walianza kuniuliza habari za presha zao, na mimi nilijibu. Sikuandika ya kweli pembeni.

Daktari alimkagua, akaagiza damu ipimwe, na majibu yaliporudi alisema kwa Kiingereza jambo ambalo nililielewa neno kwa neno. Ni ugonjwa wa mwili kujishambulia kwenye mabega na nyonga, na dawa yake ni steroidi, vidonge vya kila asubuhi, kwa mwaka mmoja au miwili, vya kupunguza polepole na kamwe si kuacha ghafla. Inatuliza moto wa ndani. Halafu akasema kwamba dawa hiyo ina gharama zake mwilini, mifupa ikiwemo, na kwamba wiki mbili zijazo wataongea kuhusu kuilinda. Akanigeukia. Mwalimu pia akanigeukia, mgongo umenyooka, mikono juu ya mkoba.

Nilitafuta neno. Ningesema uvimbe, lakini hapakuwa na uvimbe wa kuonekana. Ningesema steroidi, lakini kwetu neno hilo ni la wanyanyua vyuma na krimu za kujichubua, na nilihofia atakataa. Kuhusu mifupa, daktari mwenyewe amesema ni wiki mbili zijazo. Nilikuwa pia na shifti ya saa nane. Nilifikiri kwa muda usiofika hata wa kufunga kifungo cha shati, nikasema, "Ni dawa ya mifupa, Mwalimu."

Bibi yangu alizoea kusema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilidhani alikuwa anasema habari za matusi.

Siku ya tatu Mwalimu alinipigia simu asubuhi akiimba. Mikono ilikuwa imepanda. Alikuwa amejichana nywele mwenyewe, amefua mapazia, na alitaka kujua kama namsikia, kwani simu ameishika juu ya kichwa ili anionyeshe, na hakuwa amewasha video. Jumamosi ile aliandika mpaka ukingo wa juu wa ubao na watoto wakapiga makofi. Na nyumbani, kama ilivyo desturi yake, alikata karatasi nyeupe, akaibandika kwenye boksi la vidonge na kuandika kwa mwandiko uliosimama wima: DAWA YA MIFUPA.

Ile miadi ya wiki mbili baadaye mimi nilikuwa kazini, mtu ameugua nikaombwa kurudia shifti. Nilimwambia atumie mkalimani wa simu, avumilie ngeli. Jinsi ilivyokwenda alikuja kunisimulia mwenyewe, muda mrefu baadaye, na wala hakuona kosa ndani yake. Daktari alisema anataka kumwanzishia dawa ya kulinda mifupa, na kalsiamu na vitamini D. Mkalimani akasema, kwa usahihi, "Daktari anataka kukupa dawa ya mifupa." Mwalimu akajibu, kwa ukweli wote, "Niko nayo tayari." Mkalimani akamwambia daktari kwamba anayo tayari. Daktari akafurahi, akaandika. Watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Uongo ulikuwa umekwisha kusemwa wiki mbili nyuma, na aliyeusema alikuwa kazini Seven Hills akimkata mzee mmoja kucha.

Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine. Uso wa Mwalimu ukajaa, ukawa mviringo, na shavu likang'aa. Kanisani walimsifu. Umenawiri, walimwambia, Australia imekukubali. Kazini nimewaona wazee wa vidonge hivyo, nao wana uso huo huo. Nilijua nyuso zile zinatokana na nini. Na mimi nikamwambia umenawiri, Mwalimu. Kwa lugha yetu, mtu akinenepa uso, kuna neno gani jingine? Alianza pia kulalamikia miguu kukakamaa. Nikamwambia ale ndizi, kwa kuwa nilisikia muuguzi akimwambia mtu hivyo. Nilikuwa na majibu mengi mwaka ule.

Mwalimu alikuwa na sheria kwamba kiti cha mwisho hupangwa na mwalimu. Watoto walipanga viti vya plastiki ukutani, yeye akaweka cha juu kabisa. Jumamosi moja alikiinua, akasimama nacho hewani. Hakupiga kelele. Alikirudisha chini taratibu, akashika ubao kwa mkono mmoja, akaniambia kwamba kuna kitu kimesema ndani yake, kama kijiti kikavu. Nikamuuliza maumivu ni mangapi. Akafikiri. "Sita," alisema, na hapo niliogopa.

Eksirei ilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea. Hazikukatika, zilijikunja zenyewe, kama boksi la karatasi lililokaliwa. Daktari kijana wa hospitali, mpole, aliuliza mbele yangu kama mgonjwa alikuwa akipewa chochote cha kulinda mifupa, kwa kuwa amekuwa kwenye steroidi muda mrefu. Nilisema nadhani ndiyo. Mwalimu aliposikia neno bones, ambalo alilijua, alimwashiria binti yake afungue mkoba. Akatoa mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na boksi moja tu, na karatasi nyeupe, na maneno yangu kwa mwandiko wake.

"Niko nayo," alimwambia daktari kijana, akigonga lile neno kwa kidole. "Sijaruka hata siku moja."

Daktari hakusoma Kiswahili. Aliligeuza boksi, akasoma Kiingereza cha upande wa pili, akatikisa kichwa na kuandika. Ningeweza kusema pale. Binti yake alikuwepo, kitanda kilikuwepo, muda ulikuwepo. Nilishika glasi ya maji nikaenda kuijaza, ingawa ilikuwa imejaa.

Walimpa kalsiamu ya kutafuna, vitamini D, na kidonge cha mara moja kwa wiki. Steroidi waliiacha iendelee, ikipunguzwa kidogo kidogo. Mwalimu hakuona mgongano. Dawa ya mifupa ya kwanza ilifanya ilichoweza, alisema, sasa mifupa imevunjika inahitaji wasaidizi. Alikuwa akiitetea ile dawa mbele ya watu kama mwanafunzi wake wa zamani aliyeshindwa mtihani kwa bahati mbaya.

Kidonge cha kalsiamu alikitafuna mara ya kwanza mbele yangu, akasimamisha taya. "Hii ni chaki," alisema.

"Si chaki, Mwalimu."

"Nimevuta chaki miaka makumi tatu. Unataka kunifundisha chaki?"

Nilijaribu kumweleza. Nilitaka kuwa mkweli kidogo, mkweli wa ukingoni, ili nisiguse katikati. Nilimwambia kwamba mwili wake umepungukiwa madini.

"Madini," alisema. "Ile madini njo ilitufukuza kwetu. Watu walikufa kwa ajili ya madini. Leo unaniambia mwili yangu inakosa madini?"

Binti yake, aliyekuwa amerudi kutoka kazini ghalani na sare yake ya rangi ya chungwa, alicheka, halafu akaacha kucheka. Nikaendelea kwa haraka. Nikasema mifupa ni kama stoo, kalsiamu inaingia na kutoka, na kwake inaingia kidogo na kutoka nyingi, inapita na mkojo. Na chumvi nyingi huisukuma itoke zaidi. Hilo la chumvi ni kweli, nilikuwa nimelisoma, na nililishikilia kwa mikono miwili.

"Mutu amekula chumvi nyingi, sasa munamukataza chumvi," alisema, akifurahia mchezo wake wa maneno. Kisha akawa mwalimu. Akachukua daftari la mjukuu, akachora mizani, upande mmoja akaandika INAINGIA na mwingine INATOKA. "Ni hesabu ya darasa la pili. Sasa niambie. Ilikuwa inaingia na kutoka sawasawa maisha yangu yote. Ni nini ilikuja kuinamisha mizani?"

Kila mtoto aliyewahi kupita mikononi mwake anaujua ule ukimya wake baada ya swali. Hausukumi. Unangoja tu.

"Uzee," nilisema.

Akaandika UZEE. Akaandika na CHUMVI. Wiki ile aliacha ndagala. Nilikwenda Cabramatta peke yangu nikasimama mbele ya ile mifuko ya samaki na sikununua kitu. Mwalimu aliacha kitu cha mwisho kilichonukia kwao ili kulipia kosa langu, na alifanya hivyo kwa moyo mweupe, akiwahubiria hata wenzake kanisani.

Aliporudi darasani alifundisha ameketi. "Mugongo" hakulisema tena. Nilingoja Jumamosi nzima alitamke, na watoto, ambao hawakosi kutambua, walijinyoosha wenyewe bila kuambiwa. Mwanzo wa muhula ulipofika aliwapima kama kawaida. Binti yangu, ambaye amerefuka ghafla kama wenzake wa miaka kumi na mitatu, aliufikia mstari wa MWALIMU na kuupita kwa unywele. Wakashangilia. Alisema, "I beat you, Mwalimu," halafu akamtazama Mwalimu, aliyekuwa amesimama karibu naye, na nikaona furaha yake ikiishiwa nguvu, kwa kuwa alikuwa anamtazama kutoka juu.

Mwalimu alimpa chaki kama alivyoahidi. Kisha watoto walipotoka akasimama kwenye mlango wa stoo, visigino vikiugusa, akanipa kitabu. "Nipime."

Niliweka kitabu juu ya kitambaa chake. Kilikuwa chini ya mstari wake kwa vidole vinne. Nikakiinua kidogo, nikapiga penseli. "Vidole viwili tu, Mwalimu." Aligeuka akautazama mstari wangu, akatazama kitabu mkononi mwangu. Hakuandika jina kando yake.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumapili alasiri, nyumbani kwao Penrith. Nilimkuta jikoni amezungukwa na vitu vya kifurushi. Mtu wa kanisani alikuwa anasafiri kwenda Bujumbura, na kutoka pale kuna wa kuvusha hadi Uvira. Palikuwa na soksi, miwani ya kusomea, kalamu, na maboksi matatu yenye karatasi nyeupe. DAWA YA MIFUPA. DAWA YA MIFUPA. DAWA YA MIFUPA. Kila daktari alipopunguza kipimo, vidonge vilibaki, na Mwalimu hatupi kitu.

"Za nani hizi?" niliuliza, ingawa nilishajua.

Zilikuwa za mwalimu mwenzake, mwanamke aliyefundisha naye darasa la pili, ambaye sasa ameachwa kule na magoti yake. Mifupa inamuuma usiku na mchana. Ameandika barua. "Hii ilininyanyua siku ya tatu," alisema Mwalimu. "Na yeye ainuke."

Nilikaa. Niliangalia yale maboksi, nikamwona mwanamke nisiyemjua, mahali pasipo eksirei, akimeza kila asubuhi kwa imani kwa sababu Mwalimu ndiye aliyeandika. Wa kwanza nilimnyamazia kwa aibu. Kwa wa pili nilishindwa. Si ushujaa, nilikuwa nimefikia mwisho wa ukuta.

"Mwalimu, hiyo si dawa ya mifupa."

Alikunja soksi.

"Inatoa maumivu, ni kweli. Lakini inakula mifupa. Inaifanya kalsiamu isiingie, na ile iliyopo inaitoa. Ndiyo iliyoinamisha mizani. Siyo uzee. Doctor alisema siku ile ya kwanza, mimi nilisikia. Mimi ndiye nilisema ni dawa ya mifupa. Nilikosa neno."

Nje mjukuu alikuwa anapiga mpira ukutani. Mwalimu aliweka soksi chini. Aliketi ameinama mbele, kwa kuwa ndivyo anavyokaa sasa, kwa hiyo ilimbidi ageuze kichwa pembeni ili anitazame usoni.

Nilinyoosha mkono nikashika ukingo wa ile karatasi nyeupe ili niibandue.

"Usifute," alisema.

Akasukuma kalamu moja ya kifurushi kuelekea kwangu.

Sijawahi kuandika kitu kigumu kama kile. Nikiandika inakula mifupa, ataiacha kesho, na kuiacha ghafla ni hatari nyingine. Nikiandika inatoa maumivu, nitakuwa nimerudia kosa lile lile kwa mwandiko mzuri zaidi. Yeye alingoja. Mwishoni niliandika, kando ya maneno yake, kwa herufi zangu mbaya: inatoa maumivu, inakula mifupa, usiache ghafla, usimpe mtu.

Alilivuta boksi karibu na macho, akasoma lote kwa sauti. Hakusahihisha chochote. Kisha akayatoa maboksi yote matatu kwenye kifurushi, akayapanga mezani, moja juu ya jingine.

"Ningekunywa tu," alisema. "Na kama ungeniambia yote mbili, ile kinini, ile kidonge ya asubuhi, ningekunywa. Mikono yangu ilikuwa imekufa." Akagonga boksi la juu kwa kidole. "Lakini na chaki ningekunywa."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo, hasira ningeijibu kwa kitu. Nilisema samahani, nikasema tena, nikaona neno lenyewe halina uzito hata wa kubonyeza karatasi. Nikainamisha kichwa mpaka karibu na meza.

"Munganga mudogo," alisema.

Sikuinua kichwa.

"Mugongo."

Nikanyooka. Alikuwa bado amegeuza kichwa pembeni, akiniangalia kutoka chini.